Maongezi ya Jamaa: Sarafu Iliyotupwa Gao

Juma hili nimeiweka kando ahadi yangu ya kuzungumzia karo za shule, kwa sababu imenifikia barua ambayo nimeisoma mara tatu. Mwandishi wake ni mama mmoja, mke wa sajini ambaye kazi yake ni kuendesha malori ya jeshi. Jina lake nalihifadhi kama alivyoomba.

Mama huyu anaeleza kwamba jioni moja, baada ya chakula, mumewe na mdogo wake wa kiume, ambaye ni konstebo wa polisi, walikuwa wameketi barazani. Maongezi yao yakafika kwenye mashindano ya magari ya Paris hadi Dakar ya mwaka 1989. Sajini akasimulia jinsi mkuu wa timu ya Peugeot alivyotupa sarafu hewani ili kuamua ni yupi kati ya madereva wake wawili atakayetangulia kufika, na jinsi yule aliyekataliwa na sarafu alivyotii. Konstebo akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kwamba mtu wa namna hiyo si dereva bali ni utingo aliyekalia kiti cha dereva. Shemeji zikapandana sauti, majirani wakachungulia. Ndipo mtoto wa nyumbani, kijana wa miaka 12, akauliza: "Baba, ungekuwa wewe, ungempisha?" Baba akanyamaza. Kisha akainuka, akaenda kulala.

"Ni nani aliyekuwa na haki," auliza mama, "nami nimwambie nini mwanangu?"

Mama, ahsante kwa barua yako. Niwie radhi nikianza mbali kidogo, maana mumeo na ndugu yako waligombania tawi, na mti wenyewe hawakuutazama.

Mashindano yale yaliasisiwa na Mfaransa aliyeitwa Thierry Sabine. Mwaka 1977 alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya, akaponea chupuchupu. Watu wengi wakiokoka na balaa kama hilo huapa kutorudi tena. Yeye alirudi Ufaransa akaanza kuwaalika wengine! Tarehe 26 Desemba 1978 magari na pikipiki 182 ziliondoka Paris. Katikati ya Januari 1979 zilizofika Dakar, ufukweni mwa Senegal, zilikuwa 74. Safari ilikuwa ya kilomita 10,000 hivi, na sehemu kubwa yake haina barabara. Siku zile hakukuwa na chombo cha kupokea ishara za setilaiti kumwambia dereva mahali alipo. Chombo hicho kilianza kutumika katika mashindano yale mwaka 1992. Kabla ya hapo palikuwa na kitabu cha njia, dira, na macho ya mwenzako aliyeketi kando yako.

Jangwa la Ténéré, nchini Niger, ndilo lililoogopwa kuliko yote. Huko mti mmoja tu ulisimama katika eneo la mamia ya kilomita, na misafara ya ngamia iliuheshimu kwa vizazi vingi, mpaka mwaka 1973 dereva wa lori alipougonga ukaanguka. Katika uwazi wote ule! Mabaki yake yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Niamey. Nasimulia haya kwa sababu mume wako, akiwa dereva wa malori, atacheka, na pengine kicheko kitamfungua kinywa.

Hapo mwanzo walioshindana walikuwa watu binafsi, wenye gari lao na deni lao. Mwaka 1982 mwana wa Waziri Mkuu wa Uingereza, Mark Thatcher, aliingia na Peugeot 504, akapotea na wenzake kwa siku sita hata ndege ya jeshi la Algeria ilipowaona. Mama yake, mwanamke aliyesifiwa kwa ukavu wa macho, alilia mbele ya watu. Mama ni mama.

Lakini viwanda vilikwisha kunusa faida. Mwaka 1980 Volkswagen ilishinda kwa gari dogo lililoitwa Iltis, ambalo lilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani Magharibi. Wakafuata Mercedes, Porsche na Mitsubishi. Timu ya kiwanda ni jambo jingine kabisa. Mtu binafsi akivunja springi hulala chini ya gari usiku kucha akiwa na tochi mdomoni. Dereva wa timu ya kiwanda hufika kambini, akakabidhi gari kwa mafundi, akala, akalala. Asubuhi hulikuta limebadilishwa shokomzoba, magurudumu, na ikibidi sanduku zima la gia. Nyuma yake yako malori ya vipuri yanayopita mchanga ule ule, na ndege zinazotangulia na mafundi kambi hata kambi. Anayeonekana katika picha ni dereva na mwenziwe. Wasioonekana ni makumi. Askari wa vyombo vya usafirishaji hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanajua kwamba kikosi cha mbele hakifiki mbali kuliko lori la petroli.

Nasi Peugeot twaijua. Nani katika umri wangu hakupanda teksi ya 404, watu wamebanana kama dagaa? Gari hilo lilishinda Safari ya Afrika Mashariki mara nne katika miaka ya 1960, mashindano yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Na 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Hivyo kiwanda kilipoingia jangwani mwaka 1987 hakikuwa kigeni katika vumbi la Afrika. Hata hivyo hakikuja kwa mapenzi matupu. Mwaka 1986, katika mashindano ya Corsica, dereva Henri Toivonen na mwenziwe Sergio Cresto waliteketea garini, na wakuu wa mchezo wakapiga marufuku aina ile ya magari yenye nguvu za kupita kiasi. Peugeot ilikuwa nayo, nayo hayakuwa na mahali pa kukimbia tena. Mkuu wa timu, Jean Todt, akaamuru gari la 205 lirefushwe, liwekewe matangi makubwa, lipelekwe jangwani.

Miongoni mwa madereva wake alikuwamo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyehamia Kenya baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na kushinda Safari mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo tangu 1979 hata 1982. Mwaka ule ule wa 1987 aliumia vibaya huko Misri katika mashindano ya Mafarao, na mbio zake zikakoma hapo. Alifariki mwaka 2006.

Dereva mkuu alikuwa Ari Vatanen, Mfini, mshindi wa Safari ya mwaka 1983. Mwaka 1985 alikuwa amepinduka nchini Argentina, akavunjika vibaya hata ikadhaniwa hataishi. Alikaa zaidi ya mwaka akiuguza mwili na, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, akiuguza akili pia. Jangwa lilikuwa njia yake ya kurudi. Siku ya majaribio karibu na Paris gari likaharibika, akaanza safari akiwa wa 274. Wa 274, ndugu zangu! Akawapita mmoja mmoja, siku baada ya siku, akafika Dakar wa kwanza.

Mwaka 1988 alikuwa akiongoza tena walipofika Bamako, mji mkuu wa Mali. Asubuhi gari halipo. Limeibwa kambini, kweupe, na sauti ya simu yadai fedha ili lirudishwe. Konstebo wetu hapa atauliza mlinzi wa zamu alikuwa wapi, nami nauliza vivyo hivyo. Gari lilipatikana siku ile ile likiwa limetelekezwa, lakini saa ya kuondoka ilikuwa imepita, na sheria ilitoa nafasi ya nusu saa tu. Vatanen akaondolewa mashindanoni. Ushindi ukamwendea Mfini mwenziwe wa timu hiyo hiyo, Juha Kankkunen.

Sasa tumefika Gao.

Mwanzoni mwa Januari 1989 msafara ulikuwa umevuka Tunisia, Libya na Niger, ukaingia Mali. Magari mawili ya Peugeot 405 yalikuwa mbele ya wote: moja la Vatanen, la pili la Mbelgiji Jacky Ickx. Wapinzani wa Mitsubishi walikuwa nyuma, na kama hakuna kilichovunjika wasingeweza kuwafikia. Lakini kitu chaweza kuvunjika, hasa pale madereva wawili wa timu moja wanapokimbizana wenyewe kwa wenyewe katika mchanga na mawe, kila mmoja akikataa kula vumbi la mwenziwe. Todt aliwatazama akaona kwamba adui pekee aliyebaki ni hao wawili. Akawaita, akatoa sarafu ya faranga kumi, akaitupa juu. Ikamwangukia Vatanen. Kuanzia hapo ushindi ulikuwa wake, na Ickx alitakiwa kumlinda kwa nyuma. Tarehe 13 Januari waliingia Dakar kwa utaratibu huo: Vatanen wa kwanza, Ickx wa pili.

Kelele zikazuka. Magazeti ya Ulaya yalisema mchezo umegeuzwa kamari. Nami, nasema wazi, sikuipenda sarafu ile niliposikia habari zake. Watu walikesha wakisikiliza redio ili wajue nani mwepesi, na jibu lao likatoka mfukoni mwa bwana mmoja. Katika jambo hilo konstebo ana haki yake, na mumeo angefanya vema kumpa.

Lakini nimefikiri zaidi. Todt angeweza kuchagua kwa upendeleo, na sababu angezipata. Angesema Vatanen aliibiwa ushindi Bamako, basi alipwe. Au angesema Ickx ni mkubwa kwa umri, basi aheshimiwe. Kila sababu ingeacha donda kwa mmoja na deni kwa mwingine. Sarafu haina shemeji wala mtani. Kambini nako, nafasi za likizo za sikukuu zikiwa chache na wenye haki wakiwa wengi, kura hupigwa, na aliyekosa hamchukii aliyepata. Kosa la Todt, kama lipo, ni kwamba alichelewa. Amri ya namna hiyo hutolewa kabla ya kuondoka, kila mtu akiwa ametulia, si kilomita elfu kadhaa baadaye damu zikiwa zimechemka.

Tuje kwa Ickx, maana yeye ndiye aliyeitwa utingo. Mtu huyu alikuwa ameshinda Paris hadi Dakar mwaka 1983, na mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara sita. Mara ya kwanza ndiyo ninayotaka mwanao aisikie.

Ilikuwa mwaka 1969. Desturi ya Le Mans ilikuwa hivi: magari yalipangwa upande mmoja wa barabara, madereva upande wa pili. Bendera ikishuka, madereva hukimbia, wakaruka ndani, wakatia moto na kuondoka. Watazamaji waliipenda sana desturi ile. Lakini mtu anayekimbilia kuondoka hana muda wa kufunga mkanda, na wengi walikwenda mzunguko mzima, kasi ya kutisha, wakiwa wameketi tu kama abiria. Siku ile bendera iliposhuka, wenzake wote wakakimbia. Ickx, kijana wa miaka 24, alitembea. Alivuka barabara polepole mbele ya halaiki ile, akaingia garini, akafunga mkanda wake sawasawa, akaondoka wa mwisho kabisa. Katika mzunguko huo wa kwanza dereva mmoja Mwingereza alipata ajali, akatupwa nje ya gari lake, akafa. Saa 24 baadaye Ickx alishinda kwa mita mia moja na kitu. Mwaka uliofuata desturi ya kukimbia ilikuwa imekwisha.

Basi, ndugu konstebo, huyo ndiye utingo wako. Alijua kukataa, na alikataa mbele ya macho ya dunia, alipoona jambo litaua watu. Miaka 20 baadaye, kule Gao, amri ilimgharimu kikombe tu. Kwa kikombe alitii. Mtu ambaye hajawahi kukataa neno hatuwezi kujua utii wake una uzito gani, na mtu anayekataa kila neno hukataa kwa mazoea. Ickx alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba yote mawili anayaweza, na kwamba anajua kuyatofautisha.

Hapa ndipo ningetaka mazungumzo ya barazani yangeendelea, kwa sababu kipimo hicho hicho cha uhai kinauelekea msafara wenyewe. Mwaka ule wa 1988, ambao watu hukumbuka wizi wa Bamako, waliokufa walikuwa sita. Watatu walikuwa washindani. Watatu walikuwa wenyeji, watu ambao hawakuandikishwa katika mashindano yoyote. Njia ya mbio ndiyo iliyopita mlangoni pao. Majina ya washindi tunayakariri. Majina ya wale wa vijijini hata mimi niliyepekua habari hizi kwa siku nyingi ningepata taabu kuyataja kwa uhakika, na hilo lanionea haya. Kiwanda kina ndege ya vipuri. Kijiji kina njia moja, inayopitwa na mbuzi, watoto na wachota maji.

Mwaka huo huo kiwanda cha malori cha DAF, cha Uholanzi, kilikuwa na lori lenye injini mbili lililokimbia sambamba na magari madogo ya mbele, jambo ambalo madereva wetu wa malori watadhani nimelitunga. Lori la pili la timu hiyo likapinduka jangwani kwa kasi kubwa, na mmoja wa waliokuwamo akafa. Kiongozi wao, Jan de Rooy, ambaye gari lake lilikuwa zima na alikuwa akiwatia hofu hata wenye magari madogo, akaiondoa timu yote mashindanoni. Hakutupa sarafu.

Peugeot walishinda tena mwaka 1990, wakaondoka jangwani, wakarudi baada ya miaka mingi na kushinda mara tatu mfululizo, 2016 hata 2018. Lakini wakati huo mbio hazikuwa tena katika bara letu. Mashindano ya mwaka 2008 yalifutwa siku moja kabla ya kuanza, baada ya watalii Wafaransa kuuawa Mauritania na vitisho kuenea. Yakahamia Amerika ya Kusini mwaka 2009, na tangu 2020 hufanyika Saudi Arabia. Jina la Dakar wamekwenda nalo, kama mpangaji aliyehama na ufunguo.

Nirudi kwako, mama. Kwamba mumeo alinyamaza si ajabu. Dereva wa msafara wa jeshi hutumia maisha yake yote ya kazi bila kumpita mwenziwe. Hushika nafasi yake, huacha umbali aliopewa, huenda kwa mwendo wa lori lililo dhaifu kuliko yote, na likikwama la nyuma husimama hata kama la kwake lina nguvu ya kupanda mlima kwa gia ya tatu. Hakuna anayempigia makofi kwa hilo. Halafu anaambiwa barazani kwake, mbele ya mwanawe, kwamba anayempisha mwenziwe ni utingo. Ningekuwa mimi, nami ningekwenda kulala.

Usimjibu mtoto kwa niaba ya baba yake. Msomee habari ya Le Mans, na ya Gao, na ya wale watatu wa vijijini, kisha umwache aulize tena, safari hii mjomba wake akiwa hayupo. Naye konstebo mwambie aje amwamkie shemeji yake kwa adabu, maana huyo ni mkubwa wake, na chakula alichokula jioni ile kilikuwa cha nyumba hiyo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazungumzia karo za shule kama nilivyoahidi, pamoja na barua ya koplo anayelalamika kwamba mshahara wake huisha tarehe 12 na hajui unakokwenda. Mkewe naye ameandika, kwa bahasha nyingine.